Mumiani wa Udongo na Nyumba za Mbari

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zinajua kummeza mtu. Leo nataka niwape stori ya udongo. Msikimbie! Ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti, na kama una chai iweke karibu.

Nianzie nyumbani. Nilipokuwa darasa la tano, kwenye shule moja ya msingi mkoani Tabora, tulikuwa na kipindi cha Stadi za Kazi. Siku moja mwalimu akatuambia kila mmoja aje na udongo, afinyange kitu chochote anachokijua. Kwetu sisi udongo mzuri ulikuwa wa kichuguu. Aliyekulia kijijini anajua: mchwa wameshauchambua, hauna mawe, ukiulowanisha unanata, ukikauka haupasuki ovyo. Wenzangu wakafinyanga vyungu, ng'ombe, redio, kuna mmoja akafinyanga jembe la kukokotwa na maksai wake wawili. Mimi nikafinyanga mumiani.

Nilikuwa sijui mumiani anafananaje. Nani aliwahi kumuona? Basi nikamvalisha koti la daktari, nikampa buti za askari, na mkononi nikamuwekea sindano iliyokuwa kubwa kuliko mkono wenyewe. Macho nikachomeka mbegu za ubuyu. Pembeni nikamfanyia gari. Darasa zima likaja kuangalia. Mwanzo walikuwa kimya. Kisha msichana mmoja akaigusa ile sindano kwa kidole, ikapinda, akacheka. Tukacheka wote. Mwingine akaanza kumhoji: "Yaani wewe ndiye unayetutisha siku zote?"

Mwalimu akaja. Akamchukua mumiani wangu, akamvunja kwenye mguu wa meza, akasema mambo ya kishetani hayafinyangwi shuleni, nitengeneze chungu kama wenzangu. Nikatengeneza chungu. Nikapata 34 kwa 50.

Jioni ile nilirudi nyumbani peke yangu kwa njia ya kwenye miembe, ile tuliyoambiwa gari la mumiani hujificha. Nilikuwa namfikiria yule wa kwangu na sindano yake iliyopinda. Kusema kweli, sikukimbia.

Nimekaa na kumbukumbu hiyo miaka mingi bila kujua niifanyie nini. Mpaka nilipokuja kusoma habari za watu wa Owerri, kusini mashariki mwa Nigeria, na nyumba zao za mbari. Kwanza niwatoe wasiwasi: najua mbari kwa Kiswahili ni ukoo, na kwa Kikuyu hali kadhalika. Hii ni mbari nyingine kabisa, neno la Kiigbo, na ni jina la kazi ya udongo ambayo sijaona mfano wake kokote.

Lakini kabla hatujafika Owerri, tumalizane na mumiani.

Hofu isiyo na sura

Vijana wa mjini huenda hamkukua naye. Mumiani, au chinjachinja kwa sehemu nyingine, ni yule mtu anayesemekana kukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, likiwa jina la dawa nyeusi inayofanana na lami. Huku kwetu likageuka kuwa jina la hofu. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni watu waliwaita "wazimamoto", kwa sababu waliamini magari mekundu ya zimamoto ndiyo yaliyobeba damu. Katanga walisema batumbula. Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, walisema banyama. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya habari hizi mwaka 2000, na hoja yake moja naipenda: hadithi hizi zina maana ingawa si za kweli. Zinaonyesha watu walivyouona ukoloni: magari ambayo hawajui yanakwenda wapi, hospitali ambazo hawajui zinachukua nini, kazi za siri, mishahara ya watu wachache, nguvu ambazo mtu wa kawaida hana namna ya kuziuliza swali.

Hofu ya mambo mapya, basi. Sisi tuliisimulia. Na hadithi ina tabia moja: kila msimulizi anaiongezea urefu, kwa sababu hakuna mahali ilipokaa ambapo mtu anaweza kwenda kuipima.

Watu wa Owerri hofu zao walizifinyanga.

Udongo wa kichuguu

Owerri leo ni makao makuu ya jimbo la Imo. Wenyeji wake ni Waigbo, wakulima wa viazi vikuu, na katika dini yao ya asili mkubwa kuliko wengi alikuwa Ala, mungu wa kike wa ardhi. Ala ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye maadili, na ndiye anayepokea waliokufa. Jambo zito likitokea, kwa mfano maradhi yanaua watu, mavuno yanaharibika, au nyuki na nyoka wanazidi mahali pasipo pao, wazee walikwenda kupiga ramli. Jibu mojawapo lililoweza kutoka lilikuwa kwamba Ala anataka nyumba.

Si nyumba ya kukaa. Si hekalu la kusalia pia, maana ibada ilikuwa na mahali pake. Ilikuwa nyumba ya kuonwa, yenye baraza wazi pande zote na paa juu, iliyojaa sanamu za udongo. Hiyo ndiyo mbari. Wakati mwingine ilijengwa kwa ajili ya miungu mingine, kama Amadioha wa radi, lakini nyingi na kubwa zilikuwa za Ala.

Watu walichaguliwa kutoka koo za mji, wanaume kwa wanawake. Hawakuwa wasanii. Walikuwa wakulima, wake za watu, vijana. Walizungushiwa uzio, wakakaa ndani mbali na shughuli za kawaida, wakiongozwa na fundi mkuu mwenye ujuzi. Kazi ilichukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Gharama ilibebwa na mji mzima: chakula cha wafanyakazi, sadaka, ujira wa mafundi. Fikirieni jamii inayotoa nguvukazi yake wakati ina matatizo, iende kufinyanga sanamu. Leo tungeunda tume.

Na udongo? Wa kichuguu. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini kwanza. Udongo uleule wa Stadi za Kazi!

Waliuponda, wakaulowanisha, wakaukanda mpaka ukawa laini, kisha wakaukandika juu ya viunzi vya fito na kuzipandisha sanamu kwa mikono. Hawakuzichoma. Zilikauka zenyewe, kisha zikapakwa rangi: udongo mweupe, wekundu na njano vya ardhini, weusi wa mkaa, na baadaye hata buluu ya kufulia nguo iliyonunuliwa dukani. Kuta zikachorwa michoro ya mistari na pembe. Nyumba kubwa ziliweza kuwa na sanamu zaidi ya mia moja.

Waliokaa barazani

Katikati, mbele, aliketi Ala mwenyewe. Mkubwa, ametulia, mtoto mapajani na mara nyingi upanga mkononi. Huruma na adhabu kwenye kiti kimoja. Pembeni yake miungu wenzake na familia zao. Amadioha mara nyingine alivalishwa kizungu, shati na tai, maana mungu wa radi lazima aende na wakati.

Halafu ukizunguka baraza ndipo unapokutana na dunia. Mwanamke anajifungua, mkunga amemshika. Chui amekamata mnyama. Mwindaji. Wacheza ngoma. Nguva. Jitu la porini, nusu mtu nusu nyani. Mgonjwa mwenye vipele vya ndui mwili mzima. Mtu na mwenzake wanafanya mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu anasoma. Yaliyokuwa mwiko kutajwa sokoni, mle yalifinyangwa bila kificho.

Na katikati ya hao wote, mambo mapya. Fundi na cherehani yake. Karani na simu. Askari na bunduki. Magari na baiskeli. Na bwana shauri, kama wazee wetu walivyowaita wakuu wa wilaya wa Kiingereza, na ile kofia yake ngumu ya jua, akiwa na matarishi wake.

Sanamu iliyonishika zaidi ni ya mzungu anayetoka shimoni. Iko kwenye picha za nyumba kadhaa: kiwiliwili cha mtu mweupe kinachomoza ardhini, kama mche wa muhogo au kama mzimu. Ukikumbuka kwamba ardhi ni Ala, na kwamba wafu wamo humo, utaona swali lililokuwa linawasumbua. Hawa watu wametoka wapi? Hawana koo, hatuwajui mama zao, wana rangi ya mizimu, na kila siku wanazidi. Mfinyanzi hakusubiri jibu ndipo afinyange. Alilifinyanga swali lenyewe.

Walikuwa na sababu ya kuogopa

Isije ikaonekana kama ushamba wa watu wasioelewa baiskeli. Kati ya mwaka 1901 na 1902 Waingereza walipiga vita kubwa eneo la Waigbo, ile iitwayo Vita ya Aro, na baada yake utawala wao ukakita mizizi Owerri. Watu wakalazimishwa kulima barabara. Mwezi Novemba 1905 daktari mmoja Mwingereza, Stewart, alipotea njia akiwa juu ya baiskeli, akaingia eneo la Ahiara, si mbali na Owerri, akakamatwa na kuuawa. Jeshi likaja kulipiza kisasi, vijiji vikachomwa. Msomaji wa Chinua Achebe atakumbuka mzungu wa baiskeli na mji ulioangamizwa katika riwaya ya Things Fall Apart. Tukio la Ahiara ndilo lililo nyuma ya sura ile.

Nimelitaja tukio hilo makusudi. Ahiara ni majirani wa hawahawa wajenzi wa mbari. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba ukiwa na desturi ya kufinyanga basi hofu haiui mtu katika nchi yako. Iliua. Mzungu mgeni juu ya chuma kinachotembea aliuawa, na kwa ajili ya kifo chake wakauawa wengi wasiohesabiwa kwa majina.

Halafu ikaja kodi. Mwishoni mwa mwaka 1929 ilienea habari kwamba baada ya wanaume, sasa wanawake nao wanahesabiwa ili walipishwe. Wanawake wa majimbo ya Owerri na Calabar wakainuka kwa maelfu, wakazingira nyumba za machifu waliowekwa na serikali, wakavunja mahakama. Askari wakafyatua risasi, wakauawa wanawake zaidi ya 50. Karani na daftari lake si picha ya kuchekesha ukijua daftari lilileta nini.

Sasa angalia picha alizopiga G. I. Jones miaka ya 1930. Alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni kusini mashariki mwa Nigeria, na kwa bahati nzuri alipenda kamera. Mbari zinaonekana zimesimama, zimependeza, na mle ndani wakubwa wa serikali, yaani wenzake Jones mwenyewe, wamekaa kama sanamu za udongo mstari mmoja na chui na ndui. Hawakupewa kiti cha Ala. Hawakufichwa pia. Wamepewa nafasi yao, upande wa barazani.

Achebe aliandika kuhusu hilo katika insha zake. Kwa maelezo yake, mbari ilikuwa sherehe, lakini sherehe si lazima iwe ya kusifia. Kumweka bwana shauri ndani ya nyumba ya Ala si kumpigia makofi. Ni kukiri kwamba amefika, yupo, ana nguvu, na kwamba kitu chenye nguvu ukikikatalia nafasi kinaweza kukuletea balaa zaidi. Aliongeza jambo ambalo sisi wa kazi za kuandika linatuhusu: pale Owerri hapakuwa na ukuta kati ya msanii na mtazamaji. Walioingia ndani ya uzio walikuwa watu wa kawaida, na wakitoka wanarudi kuwa watu wa kawaida.

Siku ya kufungua, na mvua

Kazi ikiisha uzio unaondolewa. Watu wanatoka vijiji vya jirani, kuna karamu, ngoma, na kutembea kuzunguka baraza. Wanaonyeshana vidole. Wanacheka mbele ya yale ya aibu, wanarudi nyuma mbele ya yale ya kutisha, wanabishana kama fundi amepatia. Watoto wamo. Babu anamweleza mjukuu nani ni nani. Kitu kilichokuwa kinanong'onwa usiku sasa kimesimama mchana kweupe, kina kimo, kina rangi, na kila mmoja anakiona kilekile anachokiona jirani yake.

Kisha wanaondoka. Na hawarudi kukarabati.

Hapa ndipo wageni wengi walipokwama kuelewa. Mwaka mzima wa kazi, mali ya mji mzima, halafu inaachwa? Ndiyo. Paa linaoza, mvua inaingia, bwana shauri anavimba, anadondoka pua, anakuwa tope. Ala anarudi kuwa ardhi, ambayo ndiyo yeye mwenyewe. Nyumba ilishatimiza kazi yake siku ilipokamilika. Ikija shida nyingine, kizazi kingine kitajenga nyingine, kwa mikono yake na kwa hofu zake.

Mtafiti Mmarekani Herbert Cole alizikuta mbari za mwisho mwisho alipofanya utafiti mwaka 1966 na 1967. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1982 ndicho kilichohifadhi mengi tunayoyajua. Tayari ukristo ulikuwa umeshika, vijana wamekwenda mjini, na baadhi ya mbari zilikuwa zinajengwa kwa saruji badala ya udongo ili zidumu. Kisha ikaja vita ya Biafra, 1967 hadi 1970. Owerri ilishambuliwa, ikatekwa, ikakombolewa, na mwaka 1969 ikawa makao makuu ya Biafra kabla ya kuanguka tena Januari 1970. Watu walikufa kwa risasi na kwa njaa. Desturi inayotaka mji mzima utulie mwaka mmoja na chakula cha kutosha haikuwa na pa kusimama.

Baada ya vita serikali ilijenga kituo cha utamaduni cha Mbari pale Owerri, na sanamu za saruji. Siwalaumu, nani anataka urithi wake upotee? Lakini saruji imeondoa kitu. Mbari ya saruji inakuambia haya yalitokea zamani, njoo uangalie. Ya udongo ilikuwa inakuambia haya yanatokea, nawe kesho utatakiwa kufinyanga yako.

Jina nalo lilisafiri. Mwaka 1961 Ulli Beier na waandishi vijana, akina Wole Soyinka, Christopher Okigbo, J. P. Clark na Ezekiel Mphahlele, walianzisha klabu ya wasanii Ibadan, na Achebe akapendekeza iitwe Mbari. Klabu hiyo ilikuwa miongoni mwa waandaaji wa mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, Kampala, Juni 1962. Pale ndipo mwanafunzi mmoja aliyeitwa James Ngugi alimpelekea Achebe mswada wake. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Miaka mitano baada ya mkutano, ikafichuka hadharani kwamba shirika la kimataifa lililotoa fedha za shughuli zile lilikuwa linafadhiliwa kwa siri na CIA. Ningekuwa fundi wa mbari mwaka 1967 ningempa bwana huyo nafasi barazani: suti nzuri, bahasha mkononi, hana uso.

Na sisi je?

Mtaniambia hayo ni ya Nigeria. Lakini udongo wa kufundishia ulikuwepo hapahapa. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo zilizotumika kwenye mafunzo ya jando na unyago na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Kila sanamu ilikwenda na wimbo wake na fundisho lake. Kwa hiyo mwalimu wangu alikosea aliposema mambo hayo hayafinyangwi shuleni. Shule za wazee wetu ziliyafinyanga.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Oktoba 2016, watafiti wawili na dereva wao walitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, wakaenda kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo, wasomaji wangu! Neno likapita kijijini kwamba wanyonya damu wamefika, na watu wote watatu wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, wilaya za Mulanje na Phalombe kusini mwa Malawi, uvumi uleule wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake.

Habari ya Chamwino naifikiria kila ninapoandika neno "uvumi" kwenye kompyuta. Sisi waandishi tunafuata njia moja: tunaripoti vifo, tunanukuu kamanda wa polisi, tunaandika kwamba wananchi waelimishwe, tunafunga. Kuelimishwa kwenyewe maana yake ni kuambiwa mumiani hayupo. Mimi niliambiwa hayupo tangu nina miaka minne na niliendelea kumkimbia. Aliyenipunguzia hofu ni yule mwenye sindano iliyopinda.

Sisemi kwamba mbari ingewaokoa wale watatu. Nimeshataja Ahiara. Ninachosema ni kwamba palikuwa na watu waliojua kuwa hofu ya mambo mapya haiondoki kwa amri, wakaitengea mahali, siku, mafundi na bajeti. Waliifanya iwe kazi ya mikono ya watu wote. Ukimfinyanga mnyonya damu unalazimika kuamua: ana viatu gani? Gari lake likoje? Amebeba nini? Ukifika hapo unaanza kugundua kwamba koti ni la daktari uliyemngoja siku nzima akakufokea, buti ni za askari aliyemkamata baba yako, gari ni la mradi uliokuja kupima mashamba na haukurudi kueleza. Hapo una jambo la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji. Mnyonya damu asiye na sura hana wa kuulizwa chochote, anabaki kusubiri mgeni wa kwanza atakayeingia na gari.

Na hofu za sasa hazijapungua. Kuna yule wa "tuma kwa namba hii". Kuna mkopo wa kwenye simu unaompigia shangazi yako kumwambia wewe ni mdaiwa sugu. Kuna chanjo, kuna mashine inayosemekana itachukua kazi yangu hii ya kuandika. Zote zinaishi kwenye simu, zinasambazwa usiku, na kila anayezisambaza anaziongezea urefu.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Tabora. Vichuguu bado vipo, miembe imekatwa. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza kama ni kweli kuna watu wanaiba watoto kwa gari jeusi. Nilitaka kumwambia hakuna. Badala yake tukachukua jembe na ndoo ya maji. Alimfanyia mwizi wake miwani mikubwa, simu mbili, na tumbo. Tukamuweka ukutani nje ya jiko, majirani wakapita kumuona, na bibi yake akauliza mbona anafanana na mwenyekiti.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi mtoto alikwenda kumuangalia, akarudi anacheka: miwani imebaki, mwenyewe hayupo.

Haya, niambieni. Nyie mngepewa udongo leo, mngemfinyanga nani?